Lori Lililoniacha

Ikiwa una mtoto aliyemaliza kidato cha nne, huenda nawe umewahi kuketi katika baraza kama ile iliyozuka nyumbani kwangu hapa Bulla Pesa, mjini Isiolo, usiku mmoja baada ya chakula. Kijana wangu kitinda mimba, ambaye mama yake na mimi tulikuwa tumekwisha kuamua kimoyomoyo kwamba atasomea uuguzi, aliweka chini kikombe chake cha chai akasema, "Baba, mimi nataka kusomea uigizaji."

Mama yake alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mtoto hacheki, akamwuliza, "Kwani hiyo nayo ni kazi? Siku ukienda kuposa, utawaambia wazee wa watu unafanya nini?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Bila shaka alitarajia nitamwunga mkono. Sikusema kitu. Nilichukua kofia yangu nikatoka nje, nikaketi juu ya jiwe tunalofulia nguo. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimelikumbuka lori.

Mwaka 1988 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni. Tulikuwa na mchezo wa kuigiza uliotupitisha ngazi baada ya ngazi mpaka tukafuzu kwenda fainali za kitaifa. Mimi nilikuwa mzee wa kijiji katika mchezo huo, na ninakwambia bila majivuno kwamba nilipokohoa jukwaani, watu wazima walinyamaza. Asubuhi ya safari tulikuwa tumepanda nyuma ya lori la shule na magodoro yetu, tukiimba, nilipomwona baba yangu anaingia langoni na fimbo yake ya kuchungia. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Aliniashiria nishuke, nami nikashuka. Akamwambia mwalimu, kwa sauti ambayo wenzangu wote waliisikia, kwamba yeye hakuuza mbuzi ili mwanawe akarukeruke mbele ya watu. Kijana mwingine alipewa joho langu na lori likaondoka. Marehemu baba hakulitaja tena jambo hilo mpaka Mungu alipomchukua, wala mimi sikumwuliza.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu wa fasihi, nadhani ili kunipoza, alinisimulia habari za mtu aitwaye Paul Robeson. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata mtu huyu vitabuni kama mchungaji anayefuata nyayo za ngamia aliyepotea. Basi usiku ule, nikiwa juu ya lile jiwe, ndiye aliyenijia akilini.

Robeson alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Princeton, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akasoma, akawa mchungaji wa kanisa. Mtoto alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili mjini New York. Siku moja karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyotajiwa na mtu mweusi. Robeson akaiacha kazi ya sheria, akaelekea jukwaani. Wazazi wengi wangelia. Wakili mzima!

Lakini hebu sikiliza jinsi alivyojifunza kazi yake, maana hapa ndipo vijana wetu wanapokosea wakidhani uigizaji ni sura nzuri na simu yenye kamera. Mwaka 1930 alipewa nafasi ya Othello, yule jemadari Mwafrika katika tamthilia ya Shakespeare, katika ukumbi wa Savoy mjini London. Alikuwa na sauti nzito ya kuimba ambayo dunia nzima iliijua, hata hivyo akaenda kufundishwa kutamka. Na aliyemfundisha alikuwa nani? Amanda Aldridge, binti ya Ira Aldridge.

Inafaa umjue huyu Aldridge kidogo. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, akavuka bahari akiwa kijana kwa sababu kwao hapakuwa na jukwaa la mtu kama yeye. Mwaka 1833 alicheza Othello katika ukumbi wa Covent Garden, London, na baadhi ya magazeti yakamtukana kwa sababu ya rangi yake. Hakuacha. Alizunguka miji midogo ya Uingereza na Ireland miaka na miaka, kisha Ujerumani, Urusi na kwingineko, akicheza Shylock, Macbeth na Mfalme Lear, uso wake mweusi ukiwa umepakwa rangi nyeupe. Aliaga dunia mwaka 1867 akiwa safarini kikazi katika mji wa Łódź, Poland, na huko ndiko alikozikwa. Zaidi ya miaka arobaini ya kazi! Kwa hiyo Robeson, alipoketi mbele ya binti wa mzee huyo kurekebishwa matamshi, alikuwa akipokea kijiti.

Othello ile ya London iliwapendeza watazamaji, ingawa Peggy Ashcroft, mwigizaji mzungu aliyekuwa Desdemona, aliandikiwa barua za matusi kwa kuguswa na mtu mweusi jukwaani. Marekani ilichukua miaka 13 zaidi kukubali. Mwaka 1943 Robeson alipanda jukwaa la Broadway kwa nafasi hiyo hiyo, na mchezo ukaonyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna mchezo wowote wa Shakespeare uliokuwa umeifikia huko. Walipouzungusha mchezo mijini, alikataa kuigiza katika ukumbi wowote uliowatenganisha weusi na weupe.

Kuna jambo moja ambalo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mnamo 1933 na 1934 Robeson alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika mjini London, na mojawapo ya lugha alizosoma ilikuwa Kiswahili. Naam, Kiswahili hiki hiki ambacho vijana wa Isiolo wananiambia ni kigumu, na ngeli zake zote!

Nilirudi ndani. Mama watoto alikuwa bado ameketi palepale, kijana ameinamisha kichwa.

"Unajua kwamba Mzee Kenyatta aliwahi kuigiza?" nikamwuliza mke wangu.

"Kenyatta yupi?"

"Mzee mwenyewe. Jomo."

Nikawaeleza. Mwaka 1935 ilitoka filamu ya Waingereza iitwayo Sanders of the River. Robeson alikuwa Bosambo, chifu wa Kiafrika. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa katika studio za Shepperton, karibu na London, na watu weusi waliokuwa Uingereza wakaajiriwa kujaza nafasi ndogondogo. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye siku hizo alikuwa London akihangaika na masomo na siasa huku mfuko ukiwa mtupu. Alivaa akawa chifu mdogo.

"Alilipwa?" mama watoto akauliza.

"Alilipwa."

Akanyamaza, akafikiri. Niliona swali la kuposa linaanza kulegea.

Lakini sikutaka kumdanganya mwanangu kwa asali tupu, kwa hiyo nikamweleza na uchungu wake. Robeson aliikubali kazi ile kwa sababu aliamini filamu ingeonyesha heshima ya mila za Kiafrika. Mwelekezi wake, Zoltan Korda, alikuwa amekuja Afrika kupiga picha za ngoma na nyimbo. Filamu ilipokamilika, ikawa ni ya kuwasifu wakoloni, na yeye Bosambo ni mtumishi mwaminifu wa mzungu. Sura ni yake, sauti ni yake, maana si yake. Baadaye aliikana filamu hiyo waziwazi, lakini filamu haifutiki. Huko kwenye ukumbi mwigizaji akikosea leo, kesho anapanda tena akarekebisha. Mbele ya kamera, ulichokubali siku moja kitakufuata mpaka kaburini.

Kisha nikamweleza habari ya pasipoti. Robeson alikuwa akisema wazi dhidi ya ubaguzi na ukoloni, tena aliisifu Urusi ya Stalin kuliko ilivyostahili, jambo ambalo mimi kama shabiki wake sijawahi kulimeza vizuri. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Milango ya kumbi ikafungwa nyumbani, na nje hakuweza kwenda. Mwaka 1952 alialikwa kuimba Kanada, akazuiwa kuvuka. Unajua alifanya nini? Alikwenda hadi mpakani, akapanda nyuma ya lori upande wa Marekani, akaimba kutoka hapo. Maelfu walisimama pande zote mbili za mpaka wakamsikiliza.

Nilipofika kwenye hilo lori, sauti yangu ilikwama. Kijana wangu hakujua kwa nini. Sikuwa nimewahi kumsimulia kisa cha babu yake.

Pasipoti ilirudi mwaka 1958, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 61 na afya iliyokwisha kuzorota, alikwenda Stratford, mji aliozaliwa Shakespeare, akacheza Othello kwa mara ya tatu maishani mwake. Fikiria: nafasi moja, miaka 32, 45 na 61. Wajuzi wanaweza kubishana ni ipi iliyokuwa bora. Mimi ningetoa fahali kuiona ile ya mwisho. Alifariki mwaka 1976.

"Baba," kijana aliuliza, "yule aliyepakwa rangi nyeupe, hakuona haya?"

Nilimwambia sijui kama aliona haya, najua alikuwa Lear. Hakuridhika na jibu hilo, na nikafurahi kwamba hakuridhika.

Kabla ya kulala niliingia katika sanduku la vitabu nikatoa Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, kurasa zake zimekuwa za manjano kama samli. Nikamwambia achague usemi mmoja, aukariri, na kila jioni ausimamie nyuma ya nyumba, karibu na zizi, mpaka nimsikie vizuri nikiwa jikoni bila yeye kupiga kelele. Ilimchukua siku 19. Majirani walidhani ana deni na mtu. Siku ya ishirini mama yake aliacha kuchuja maziwa ya ngamia, akasimama mlangoni na kichujio mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Brutus," akasema, "ni mtu mbaya au ni mtu mzuri?"

Usaili wake ni Jumatano ijayo, Nairobi. Nikiwa mtoto lami ilikuwa ikiishia hapa kwetu, na sisi tulijiona kama tunakaa ukingoni mwa dunia. Siku hizi unapanda gari alfajiri, na mchana uko Nairobi. Nauli yake nimekwisha kuiweka ndani ya kitabu, katika ukurasa wa ule usemi. Nimemwambia nitampeleka mwenyewe hadi stendi, na nitasimama hapo mpaka gari liondoke.