Kofia ya Daktari wa Jeshi

Kofia ya askari si pambo la kichwa tu. Kabla mwenyewe hajafungua kinywa, kofia imekwisha kutaja kikosi chake, cheo chake na kazi yake. Miongoni mwa kofia za kijeshi za kale ambazo watu hukusanya, liko fungu dogo lihitajilo subira kubwa: kofia za madaktari wa jeshi. Ni adimu kwa kuwa wenyewe walikuwa wachache. Katika karne ya 19, kikosi chenye mamia ya askari kiliweza kuwa na daktari mmoja au wawili tu.

Azitafutaye hana budi kujifunza kwanza kusoma rangi. Katika jeshi la Ufaransa, kepi ya afisa daktari ilizungushiwa mahameli ya rangi ya damu ya mzee, na ya mfamasia ilizungushiwa mahameli ya kijani. Hata askari asiyejua herufi aliweza kutambua nani wa kumtoa risasi na nani wa kumchanganyia dawa.

Katika jeshi la Uingereza alama ilikuwa kileleni. Kofia ngumu ya kitambaa cha buluu, iliyoanza kutumika mwaka 1878, ilikuwa na ncha kali kwa askari wa miguu. Ya daktari ikaja kuwa na tufe la madini. Hapo ndipo wengi hunaswa. Wapiga mizinga nao walivaa tufe, na kilele hicho hufunguliwa kwa kuzungushwa. Mlaghai aweza kuondoa ncha, akaweka tufe, akaiuza kofia ya askari wa miguu kwa bei ya kofia ya daktari. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye busara haamini kilele peke yake. Hutazama beji ya mbele, matundu yake kama yanalingana, jina la mtengenezaji, na utepe wa ngozi ulio ndani.

Utepe huo ndio moyo wa kofia. Umekolea jasho la mtu, na pengine jina lake limeandikwa hapo kwa wino. Mkusanyaji mgeni huona uchafu, akausugua kwa maji na sabuni. Kwa dakika chache amefuta ushahidi uliodumu miaka mia. Kofia imetakata, lakini aliyeivaa ametoweka.

Naye aliyeivaa ndiye thamani yenyewe. Dominique Larrey (1766–1842), daktari mpasuaji katika jeshi la Napoleon, alifanya kazi kabla kepi hazijaanza kuvaliwa. Anakumbukwa kwa magari yake mepesi ya farasi, yaliyowachukua majeruhi wakati vita vikiendelea, na kwa kanuni yake kwamba atangulie kutibiwa aliyeumia zaidi, bila kujali cheo wala taifa. Napoleon alimwachia katika wosia wake faranga 100,000, akimtaja kuwa mtu mwadilifu kupita wote aliopata kuwajua. Kofia yoyote ya daktari wa jeshi, bila habari za kazi ya namna hiyo, ni kitambaa na shaba tu.

Funzo hili laingia hata katika nyumba ya askari wa leo. Familia nyingi hungoja msiba ndipo zifungue sanduku, zikakuta kofia ambayo hakuna awezaye kuieleza. Kilicho mali ya serikali na kirudishwe kama sheria itakavyo. Kilicho halali ya familia kiwekwe pakavu, mbali na jua na nondo, pamoja na karatasi yenye jina la mwenyewe, kikosi chake, miaka aliyotumikia, mahali alipopelekwa na kazi aliyoifanya. Mambo hayo yafaa kuulizwa mzee angali amekaa barazani, si siku ya tanga.