SEHEMU YA 5: Joto la Januari ndilo ninaloliogopa

Mama mwenzangu, tuendelee. Niliishia pale tulipokabidhiwa funguo za ile nyumba ya mbao kando ya ziwa, kaskazini mwa Minnesota. Kwa waliojiunga leo: mwenye nyumba ni mama mstaafu niliyefanya naye kazi wodini. Baridi ikianza, yeye na mumewe wanahamia Arizona, sisi tunaiangalia nyumba kila baada ya wiki mbili. Mshahara hakuna. Malipo yetu ni kulala huko wikendi, watoto wakacheza kwenye theluji mpaka wachoke wenyewe.

Wengi mmeniuliza inboksi kama siogopi kupeleka watoto porini kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Kusema kweli baridi kali hainikoseshi usingizi. Kwenye baridi kali kila kitu kimetulia mahali pake: theluji imeshika paani, ziwa limekuwa gumu kama zege. Shida ni zile siku chache katikati ya Januari hali ya hewa inapogeuka ghafla, ikafika nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri. Watu wanafungua makoti, wanachekelea. Mimi ndipo ninapoanza kuzunguka nyumba, maana kila kilichoganda kinaanza kutembea.

Chukua mabomba. Maji yakiganda yanavimba, kama ile chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza. Bomba linapasuka usiku wa baridi lakini halivuji, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Unaingia, nyumba kavu, unamshukuru Mungu. Joto likija barafu inaachia, na maji yanamwagika kutwa nzima kwenye sakafu ya mbao ilhali hakuna mtu. Kwa hiyo tukiondoka tunafunga koki kuu, tunafungua bomba zote maji yaliyobaki yatoke, hita tunaiacha kwenye nyuzi 13. Tukifika koki inafunguliwa taratibu huku mmoja amepiga magoti chini ya sinki na tochi. Hiyo kazi ni yangu. Ukishazoea kutafuta mishipa ya vichanga, subira unayo.

Sasa paa. Paa la kule ni la bati, kama nyumbani tu, ila huku linabeba theluji ya miezi. Joto likipiga, theluji inateleza yote kwa mpigo. Kishindo chake ni kama lori linamwaga kokoto. Watoto hawachezi upenuni, sheria haina mjadala.

Lakini theluji iliyoanguka inaweza kukudhuru hata ukiwa ndani, na hapa naomba usome polepole.

Hita ya nyumba ile ni ya gesi, ya zamani, na bomba lake la kutolea moshi linatokea ubavuni mwa nyumba, chini kidogo ya dirisha. Jumamosi moja tulifika asubuhi. Baba watoto akachukua sepetu akalifukua bomba vizuri kabla hatujawasha chochote. Tukala, mdogo akalala. Mchana jua likawaka, paa likashusha mzigo wake, tukasikia kishindo, watoto wakashangilia.

Saa kumi hivi mkubwa akaja: "Mama, kichwa kinauma." Nikamshika shingoni, hana joto. Nikamtazama, nikagundua na mimi kichwa kinanigonga tangu nilipokuwa naosha vyombo. Baba yao kajilaza, anasema tumbo limemchafuka. Watu watatu, nyumba moja, saa moja, hakuna mwenye homa. Mafua hayapangi foleni hivyo. Alamu ukutani ilikuwa kimya. Nilimbeba mdogo kutoka kitandani kama alivyo, nikawaambia wote nje, viatu tutavaa kwenye gari.

Tukiwa nje ndipo tulipoona: theluji iliyoshuka paani imelizika lile bomba kabisa. Tukapiga 911. Zimamoto wa kujitolea walifika baada ya dakika 25 hivi, wakapima, wakakuta kaboni monoksidi ndani. Watoto walipewa oksijeni, damu yao ikapimwa hospitali, na usiku ule ule tukaruhusiwa.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Inang'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na mtoto anaivuta haraka kuliko wewe kwa sababu anapumua haraka. Dalili ni kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usioeleweka. Alamu lazima uwe nayo karibu na vyumba vya kulala, ila gesi ikiwa kidogo inaweza kuchukua saa moja au zaidi kabla ya kulia. Usiisubiri. Mkiumwa pamoja ndani, mkapata nafuu nje, msirudi ndani.

Na kile kipimo cha kubana kidoleni tulichonunua wengi wakati wa korona, hapa kinadanganya. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii. Kitakuandikia 98 huku mtoto yuko hatarini.

Wewe uliye Njombe au Makete, unayeingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi ukafunga dirisha, ni gesi hiyo hiyo. Jiko libaki nje, mtoto aongezewe blanketi.

Siku hizi kukiwa na joto bomba lile linakaguliwa asubuhi, saa nane na kabla ya kulala. Mwenye nyumba amekubali fundi aje alipandishe juu zaidi.

Ziwa nalo nisilisahau. Barafu mpya iliyo angavu inatakiwa ifike sentimita 10 ndipo mtu atembee juu yake. Ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni nusu tu, kwa hiyo unene uwe mara mbili. Ikishapigwa na joto, unene nao hautoshi kuiamini. Tarehe 29 Desemba 2023, kwenye Upper Red Lake hapa hapa Minnesota, zaidi ya watu 100 waliokuwa wakivua samaki ilibidi waokolewe baada ya barafu kujitenga na nchi kavu wakiwa juu yake. Hao ni wavuvi waliozoea ziwa, sembuse mtoto wa miaka minane.

Mkubwa wangu amenuna. Viatu vyake vya kuteleza vimening'inia kwenye msumari mpaka baridi irudi na baba yake atoboe barafu apime sehemu kadhaa. Maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.