Yai la Nani?

Wilaya ya Nyabihu, kaskazini magharibi mwa Rwanda, ni ghala la Kigali. Udongo wake mweusi wa volkano unazaa viazi mviringo zaidi ya mara moja kwa mwaka, na malisho ya Gishwati yanatoa maziwa ambayo hushushwa Mukamira kila asubuhi kwa madumu, juu ya baiskeli na pikipiki. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014/15 ulipotoka, wilaya hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kwa udumavu. Katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 59 walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 38. Huko ndiko shirika moja la wajitoleaji lilikonipeleka, mimi afisa lishe wa Iringa, nikasaidie kubadili tabia za ulaji.

Habari ya shamba kujaa na mtoto kudumaa haikuwa ngeni kwangu. Majirani zetu wa Njombe wanalima mahindi, viazi, chai na parachichi, na bado utafiti wa Tanzania wa 2015/16 uliwakuta na udumavu wa karibu asilimia 49. Nami nilikua katika mkoa uliowahi kuwa shule ya dunia kwa jambo hili. Kuanzia 1983, Serikali yetu pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, iliendesha mpango wa lishe ulioanzia vijiji 168 vya Iringa. Kila baada ya miezi mitatu mizani ilitundikwa, kina mama wakapanga foleni na watoto mgongoni, na uzito ukaandikwa kwenye kadi. Kilichoutofautisha mpango ule ni kwamba matokeo hayakuishia kwenye kadi ya mama. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, na wazee wakalazimika kuulizana: kwa nini watoto wa kitongoji hiki wanapungua? Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Mwaka 1990 UNICEF, ikitumia mafunzo ya Iringa, ilitoa mchoro wa sababu za utapiamlo unaofundishwa vyuoni mpaka leo, wenye nguzo tatu za chakula, matunzo na huduma za afya pamoja na mazingira safi.

Nilifika Nyabihu nikakuta kazi kubwa imeshafanyika. Kampeni ya siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ilikuwa imezinduliwa mwaka 2013. Kila mudugudu, yaani kijiji, ulikuwa na wahudumu wake wa afya wa jamii, wenye utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto. Kulikuwa na jiko la kijiji, igikoni cy'umudugudu, ambako kina mama walikutana wakapika pamoja, kila mmoja akileta alichonacho: huyu fungu la mchicha, yule kopo la maharage, mwingine viazi au kuni. Penye nyumba kulikuwa na bustani ndogo ya mboga ya duara, iliyoinuliwa kwa mawe. Ukiuliza makundi ya chakula, ulijibiwa kwa sauti moja kama darasa la kwanza: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda.

Kwa hiyo miezi ya mwanzo kazi ilikuwa kurudia yanayojulikana. Tulibeba mabango, tukachora sahani, tukaonyesha yai. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini wazee waliowahi kuishi Tanzania au Kongo walinisaidia kutafsiri, na wengine walifurahi tu kupata mtu wa kupiga naye Kiswahili. Siku moja, baada ya somo, mama mmoja mwenye watoto wanne alikaa nyuma mpaka wenzake wakaondoka. Akasema kwa Kiswahili cha Goma, taratibu, kama anayemsaidia mgeni asiaibike: “Dada, yai nalijua. Yai la nani?”

Alinieleza. Kuku ni wa mume. Yai moja sokoni lilikuwa karibu faranga 100, na bima ya afya ya jamii, mituweli, ilikuwa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kwake yeye, mayai thelathini yalikuwa kadi ya matibabu ya mtoto mmoja. Akimpikia mwanawe yai bila kuuliza, amekula bima. Akiuliza, ataulizwa kama amekuwa tajiri.

Tangu hapo nilianza kuzisoma takwimu za nchi ile kwa jicho jingine. Utafiti uleule wa 2014/15 ulionyesha kuwa watoto 87 katika 100 wa chini ya miezi sita walinyonya maziwa ya mama pekee, kiwango ambacho nchi nyingi zinakitamani. Baada ya miezi sita, chini ya mtoto mmoja katika watano alilishwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika, yaani mchanganyiko unaofaa kwa idadi ya milo inayofaa. Mama ni yuleyule, na mafunzo aliyapata kwa mhudumu yuleyule. Kunyonyesha kulikuwa mikononi mwake zaidi kuliko kitu kingine chochote, akakufanya. Kulisha kulihitaji fedha ya baba, kuni za kupikia maharage, muda wa kupika mara tatu na neno la mama mkwe. Hapo ndipo tabia iligoma kubadilika, na sisi tulikuwa tukiendelea kumfundisha yeye peke yake.

Mimi na wahudumu wa afya tukaanza kuzungukia nyumba, bila mabango. Tulikaa jikoni tukaangalia siku inavyokwenda. Mama alitoka alfajiri kwenda kibarua cha kuchimba viazi, mtoto wa mwaka mmoja akabaki na dada yake wa miaka minane. Mchana walikula viazi baridi vya jana. Jioni sufuria moja ilipikwa kwa wote, na mdogo alisinzia kabla ya maharage kuiva. Hakuna bango linaloweza kumwamsha mtoto aliyelala.

Maswali yetu yakabadilika. Badala ya kumwambia mama mambo kumi, tulimwuliza ni lipi moja analoweza kulijaribu kwa wiki mbili, kisha tukarudi kumwuliza limemshindia wapi. Wengine walichagua kuloweka maharage usiku ili kuni zipungue na sufuria iwahi. Wengine walichagua kutenga viazi vya mtoto, wakaviponda pamoja na maharage na mboga ili viwe vizito, maana uji mwepesi hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Nyumba kadhaa zilitundika kandagira ukarabe, kile tunachokiita kwetu kibuyu chirizi, kwa kuwa mtoto anayeharisha kila mwezi hawezi kurefuka hata ukimpa nini. Yaliyoshindikana yalitufundisha zaidi. Karibu kila mara ungekuta nyuma yake fedha, muda au mtu mwenye kauli.

Sambaza walinipa furaha yangu binafsi. Ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ndugu wa dagaa wa Kigoma kabisa, kwa kuwa walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakikaushwa vizuri na kusagwa, kijiko kimoja cha unga wao kinatosha kuupa uji wa mtoto kitu cha maana. Sambaza hawana kelele za yai. Hakuna anayewafuga, hakuna aliyepanga kulipia bima kwa fungu la sambaza, na wanauzwa kwa kiasi kidogo ambacho mama anaweza kukinunua kwa ujira wake wa siku. Soko la Rubavu haliko mbali. Wachuuzi wakaanza kupanda nao mpaka Mukamira, na kina mama wakaanza kuwaulizia.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa wanaume. Walikuja kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakachimba mifereji, lakini kwenye jiko la kijiji hawakukanyaga, na hakuna aliyewaalika. Wilaya ya jirani ya Musanze ilikuwa imeshuhudia mradi wa Bandebereho ulioongozwa na shirika la RWAMREC, ambamo kina baba wenye watoto wadogo walikutana kwa wiki kadhaa, mara nyingine pamoja na wake zao, wakazungumzia ujauzito, malezi na maamuzi ya fedha nyumbani. Sisi hatukuwa na mradi wa ukubwa huo. Tulitumia umugoroba w'ababyeyi, kikao cha jioni cha wazazi ambacho tayari kilikuwepo kila mudugudu, na tukaleta hesabu badala ya somo. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Karagwe aliiongoza: mayai mangapi kwa wiki yanauzwa, mangapi yakibaki hayatavunja nyumba, na mtoto akilazwa kwa utapiamlo mama hukosa siku ngapi za kibarua. Wanaume walibishana kwelikweli. Wapo waliosema mambo ya chungu si yao. Lakini wengi waliondoka wamekubaliana na wake zao mayai mawili au matatu kwa wiki yasiende sokoni. Kwa wenye kuku hilo liliwezekana. Wasio na kuku walitukumbusha kuwa tabia haibadiliki juu ya mkono mtupu.

Na kwa hao msaada wa aina nyingine ulikuwa ukija. Rwanda ilikuwa na Girinka tangu 2006, mpango wa kuzipa familia maskini ng'ombe, ambapo ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani. Unga ulioongezwa virutubisho wa Shisha Kibondo ulitolewa kwa wajawazito na watoto wa kaya duni. Baadaye serikali ilianza kuwapa ruzuku ya fedha kina mama maskini wenye mimba na watoto wa chini ya miaka miwili. Malezi ya zamu yakaenea pia: nyumba moja inapokea watoto wa majirani, wazazi wanapokezana kuwalea na kuwapikia uji, wenzao waende shambani. Kwa macho yangu, zamu ile ilileta kile ambacho somo la ulishaji lilikuwa likikidai bila kukitoa, yaani muda.

Utafiti wa 2019/20 uliikuta Nyabihu kwenye asilimia 47 hivi, na nchi nzima kwenye 33. Sidai hata pointi moja kati ya hizo. Mjitoleaji hupita, na kazi ile ilikuwa ya wahudumu wa vijiji ambao hawakuwa na mshahara wala tiketi ya kurudi kokote.

Nilirudi Tanzania nikiwa na madai zaidi kuliko majibu. Utafiti wetu wa 2022 ulionyesha udumavu wa taifa umeshuka hadi asilimia 30, huku Njombe ikibaki karibu na 50. Semina zetu za lishe bado zina mahudhurio yaleyale, kina mama ukumbini na kina baba nje wakisubiri pikipiki. Siku hizi, nikiombwa kwenda kutoa somo la lishe kijijini, nadai kwanza mambo matatu: mwenyekiti wa kijiji awepo, kina baba wawepo, na bajeti ya kijiji iletwe mezani. Wapo wanaoona natatiza shughuli ya saa mbili. Lakini baba zetu wa Iringa waliwahi kusomewa uzito wa watoto wao hadharani wakaulizwa watafanya nini, na watoto wakapona. Kumwachia mama peke yake kazi ya kubadilika ni kumpa lawama bila kumpa sufuria.