Diski Yapanda Treni ya Dodoma

Askari wa ukaguzi pale stesheni aliitazama skrini ya mashine, akanitazama na mimi. "Hii nini humu, mzee?" Diski, nikamjibu, ina muziki. "Muziki si uko kwenye simu?" Akacheka, akanipisha.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni ya umeme, na Dodoma yenyewe nilikuwa naijua kwenye taarifa ya habari tu. Kilichonipeleka ni hiyo diski. Wengi tunaorekodi nyumbani tunajiona salama kwa kuwa na bekapu, nayo imelala meza moja na kompyuta. Mwizi akiingia anabeba vyote. Mto Msimbazi ukipanda, hali ni ileile. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Niliyokuwa nimeipakata ni ya mbali.

Folda niliyokuwa naiogopea zaidi ni ya mzee mmoja wa Kigogo, mpiga zeze, aliyekuja Dar kumtembelea mwanawe. Tulimrekodi chumbani, magodoro tumeyaegemeza ukutani na feni tumeizima. Ukivaa hedifoni na kutega sikio unamsikia muuza kahawa akigonga vikombe barabarani. Mzee alisharudi kwao Chamwino, na siku hizi vidole havimruhusu kushika upinde. Kumrudisha mbele ya kipaza sauti haiwezekani tena.

Morogoro tuliipita Uluguru ikiwa imejifunika mawingu. Baada ya Kilosa ndipo nikaacha kabisa kuangalia simu. Reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905, hapo inafuata bonde la mto Mkondoa, na mafuriko yameshaikata mara nyingi kati ya Kilosa na Gulwe. Hii mpya imetoboa milima: giza ghafla, masikio yanaziba, mwanga, giza tena. Ukitoka upande wa pili nchi imebadilika, mibuyu na vumbi jekundu. Hewa kavu hivi, nikawaza, haiwezi kula vyuma kama ya kwetu pwani.

Nilipofika Dodoma kwa dada yangu, sikupumzika kwanza. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye mashine nyingine mimi siihesabu kuwa nakala. Mpwa wangu akaleta laptopu yake yenye REAPER, programu ninayorekodia, tukafungua mradi wa mzee. Ukaja, ila na onyo: plagini ya mwangwi haipo. Nililitegemea hilo, ndiyo maana kando ya mradi kuna folda nyingine yenye kila traki peke yake katika WAV, zote zikianzia sifuri hata kama sauti inaingia dakika ya pili, na majina yanayosomeka: "03 zeze", "04 sauti ya mzee". Ukizipanga kwenye programu yoyote zinakaa sawa. Tukazipanga, zeze likalia.

"Mjomba, si ungeweka tu mtandaoni?" Tukapiga hesabu pamoja. Kwa biti 24 na kiloherzi 48, dakika moja ya traki moja ni kama megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika tano wenye traki 16 unakaribia megabaiti 700, na hapo marudio yaliyoharibika hujayagusa. Miksi iliyokamilika naipandisha mtandaoni, haina uzito. Miradi yote kwa bando langu? Akanyamaza, akafunga kikokotoo.

Dada alitaka kuiweka diski juu ya televisheni. Nikamwomba kabatini, chini ya mashuka, na tukakubaliana kuwa nikija Pasaka nitaleta diski ya pili yenye kazi mpya na kuondoka na hii.

"Sawa," akasema, "lakini usinijie na madiski matupu. Lete na samaki."