Usimuanzishie Mtu na One Piece

Wadau, tuambiane ukweli. Mtu hajawahi kuona anime, wewe unamwambia aanze na One Piece. Kitu kimeanza 1999, episodi zaidi ya 1,000 na bado hakijaisha! Bando atatoa wapi? Hapo umeshamfukuza, anarudi zake kwenye Kikorea.

Mimi naangalia kwanza mtu anapenda nini. Braza wangu hapa Bariadi ni mtu wa pamba, muvi zake ni za upelelezi, na anime alikuwa anaziita katuni za watoto. Nikampa Death Note. Episodi 37 tu: mwanafunzi kaokota daftari, akiandika jina la mtu humo, mtu anakufa. Maandishi ya Kiingereza yanamkimbiza, basi usiku nakaa naye namtafsiria kama wale ma-DJ wa muvi.

Tangu mzee afariki tulikuwa tunapeana salamu tu. Sasa hivi ananipigia akiwa kwenye mzani wa pamba, tunabishana: Light ana haki au ni muuaji tu?

Kwa hiyo usimpe mtu unayoipenda wewe. Mpe itakayomfanya akutafute kesho.

Wewe ulianza na ipi?