Saiti Tano Bora, na Jirani Yangu Kedi

Kwa miaka miwili sasa naandika kuhusu gofu na sijawahi kukanyaga uwanja wa gofu. Mhariri aliye ng'ambo hunitumia kichwa cha makala, tuseme "Saiti Tano Bora za Kubeti Gofu", nami namrudishia maneno 1,500 kabla kwao hakujapambazuka. Wasomaji wake wako Leeds na Dublin. Mimi niko kwa bedsita Kahawa Wendani, orofa ya tatu, WiFi ya kuchangiana na majirani. Niliacha chuo mwaka wa tatu wakati karo ilikataa kuelewana na biashara ya mama, na kati ya kazi zote ambazo mtu bila digrii huokota huku, hii ndiyo hulipa kodi.

Hapa mtaani sijui wawili wanaobeti gofu. Watu hubeti mpira, na usiku wanacheza Aviator, ile ndege inayopaa na pesa yako mpaka iamue kupotea. Kinyozi wetu ana multibeti ya timu kumi na mbili kila Jumamosi na maelezo marefu kila Jumapili. Gofu ni ya watu wa magari makubwa.

Isipokuwa jirani yangu wa mlango wa pili. Huyo ni kedi: hubebea wachezaji mfuko wa vijiti, mashimo 18, jua ama mvua. Februari 2025, wiki ya Magical Kenya Open kule Muthaiga, alinigongea mlango jioni.

"Buda, wewe si huandika hizi vitu za kubeti golf? Niambie basi, saiti gani inalipa?"

Alikuwa na shilingi 2,000. Sikuuliza zilikuwa za nini. Ilikuwa mwisho wa mwezi na sote wawili tunamjua keateka.

Lazima nieleze hizo orodha hutengenezwa vipi. Saiti inayochapisha makala zangu hailipwi na msomaji. Hulipwa na kampuni ya kamari, na mara nyingi malipo ni sehemu ya kile msomaji aliyebonyeza kiungo atakachopoteza. Kampuni iliyo namba moja iko pale kwa sababu mkataba wake ni mtamu. Mimi hupewa orodha ikiwa imeshapangwa; kazi yangu ni kutafuta sababu. Msomaji akishinda sana, kuna mtu mahali fulani anakunja uso.

Kwa hivyo sikumpa jina la saiti. Nilimpa kile ambacho mhariri hukata kila mara nikiandika: kanuni ndogondogo za chini ya ukurasa.

Ya kwanza ni sare. Tuseme umeweka 700 kwamba mtu wako atamaliza ndani ya kumi bora, odi 4.00. Anamaliza wa nane, lakini amefungana na wengine sita. Watu saba wanagombea nafasi tatu, ya nane, ya tisa na ya kumi. Kampuni nyingi zitahesabu tatu kwa saba ya dau lako, yaani 300, na kukulipa 1,200 badala ya 2,800 ulizokuwa umeshazitumia kichwani. Kampuni chache hulipa sare kikamilifu kwa baadhi ya beti. Tofauti hiyo ina maana kuliko bonasi yoyote ya kukukaribisha, kwa sababu kwenye gofu sare ni kitu cha kila wiki.

Ya pili ni mchezaji kujitoa. Akijitoa kabla ya kuanza, kwa kawaida unarudishiwa dau. Akipiga mpira mmoja tu kisha mgongo ukamkataa, pesa imeenda.

Ya tatu ni bei yenyewe. Wachezaji wawili wa uwezo sawa wangefaa kuwa 2.00 kwa 2.00. Ukikuta 1.85 kwa 1.85, gawanya 100 kwa kila moja, jumlisha, utapata zaidi kidogo ya 108. Hiyo nane ya juu ni ya mwenye duka. Sasa fanya hivyo kwa wachezaji zaidi ya 140 wanaowania taji moja. Niliwahi kukesha nikijumlisha orodha nzima ya kampuni moja na nikapita 140.

Jirani alisikiza, kisha akaanza yake, na hapo ndipo mimi nilinyamaza. Aliniambia vile nyasi za kikuyu hushika kijiti ukiwa nje ya njia, vile mpira huenda mbali kwa hii miinuko yetu ya zaidi ya mita 1,600 na wageni hukosea umbali siku ya kwanza, nani ameonekana akifanya mazoezi na nani anashika kiuno. Washindi wanne wa Muthaiga kuanzia 2022 wametoka China, Uhispania, Uholanzi na Afrika Kusini. Mkenya hajawahi kulishinda shindano hili tangu lianze 1967. Lakini wanaojua pale mpira utasimama ni hawa wa kubeba mifuko.

Tukafungua simu yake. Saiti zenye leseni ya BCLB, zinazopokea M-Pesa, tulizozipata zilikuwa na beti moja tu ya Kenya Open: nani atachukua taji. Hakuna kumi bora, hakuna fulani dhidi ya fulani. Zile za orodha yangu, zenye beti za kila aina, hazina leseni hapa na zinataka kadi ya benki. Ukidhulumiwa huko, utamshtaki nani? Yaani mtu pekee kwa ploti yetu mwenye habari ya kuuza hakuwa na duka la kuiuzia.

Halafu ushuru. Wakati huo serikali ilikuwa inachukua asilimia 15 ya dau, na ukishinda, asilimia 20 ya ushindi. Tangu Julai 2025 ni asilimia 5 ukiweka pesa na 5 ukitoa, na watu wanaita hiyo nafuu.

Aliweka 300 kwa mchezaji mmoja, akasema ni ya heshima tu. Ijumaa jioni mchezaji huyo hakuwa kati ya wale 65 na waliofungana nao ambao hubaki kucheza wikendi. Jumamosi saa kumi na moja asubuhi nilisikia jirani akifunga mlango, anawahi matatu. Mimi nilikuwa bado macho, nikimalizia saiti ya tano.

Tarehe tano keateka alipita na kitabu chake. Aligonga kwangu, nikalipa. Akagonga pale kando, na mlango ukafunguliwa.