Msambweni: Lango halina sahihi

MSAFIRI atokaye Mombasa, akishavuka kivuko cha Likoni, hushika barabara ya Lunga Lunga na kuelekea kusini. Hupita Ng'ombeni, Waa na Tiwi, kisha Ukunda, ambako watalii na mikoba yao huchepuka kwenda fuo za Diani. Kuanzia hapo matatu hupungua abiria, na minazi, miembe na mikorosho huisogelea barabara. Gazi, kwao Sheikh Mbaruk bin Rashid aliyewaasi Waingereza mwaka 1895, hubaki mkono wa kushoto. Haupiti muda mrefu kabla makanga hajagonga bodi: "Wa Msambweni, mlangoni!"

Wengi huijua Msambweni kwa hospitali yake kubwa. Wengine huijua kwa ufuo wake mtulivu, ambao hauna kelele za Diani. Mimi safari hii sikufuata dawa wala mchanga. Nilifuata mlio wa mashine ya kuchomelea vyuma, uliokuwa ukitoka chini ya mwembe mmoja mkubwa, hatua chache kutoka barabarani.

Chini ya mwembe huo kulikuwa na malango mawili yasiyopakwa rangi, kitanda cha chuma, na mkokoteni uliokatika mhimili. Mwenye banda ni mtu wa miaka 36. Ufundi alifunzwa na mjomba wake tangu akiwa na miaka 15, na kwa miaka kadhaa alifanya kibarua kwa wanakandarasi waliohudumia mgodi wa Base Titanium, upande wa bara.

Mgodi huo uliifanya Kwale itajwe mbali. Shehena yake ya kwanza ya madini iliondoka Likoni mwezi Februari mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kwa wazee wa hapa, msiba huo una ndugu yake. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, mwendo mfupi kusini mwa Msambweni, kilifunga milango mwaka 1988, na mafundi wake wakarudi nyumbani na ujuzi wao mikononi.

"Ujuzi hauzeeki, ndivyo tulivyofunzwa," fundi aliniambia huku akifuta jasho. "Lakini kaka, ujuzi usio na karatasi hauvuki bahari."

Maneno hayo yalikuwa na kisa. Mwaka uliopita alipigiwa simu na wakala mmoja wa Mombasa, kwamba wachomeleaji wanatakiwa katika nchi moja ya Ghuba. Swali la kwanza lilikuwa: cheti kipo? Fundi hakuwa nacho. Akampelekea picha za malango 12 aliyoyatengeneza kwa mikono yake.

"Unajua alinijibu nini? Alisema lango halina sahihi."

Baada ya siku mbili wakala alipiga tena, sauti imelainika. Alisema cheti kinaweza "kutengenezwa" bila mtihani na bila kusumbuka, alimradi fedha zipatikane. Fedha zenyewe zilikuwa nyingi, na fundi hakuwa na akiba ila shamba dogo la minazi aliloachiwa na marehemu babake. Akaenda kwa mamake kuomba idhini ya kuliuza.

Mama na shamba

Nilimkuta mama huyo nyumbani kwake, akisuka makuti barazani. Nilipomwamkia shikamoo alinijibu marahaba bila kuinua macho, vidole vikiendelea na kazi. Nilipomtajia habari ya shamba, aliusimamisha mkono.

"Mwanangu, mimi sikumkataza kwenda. Baba zetu walisafiri kwa majahazi, wakaenda wakarudi. Nilimwuliza neno moja tu: ukifika huko na hiyo karatasi ya kununua, ukaambiwa ushike kazi iliyoandikwa humo, utashika?"

Swali hilo lilitoka kwa jirani. Kijana wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa mwashi hodari, aliwahi kusafiri kwa cheti cha kununua kilichomwita fundi bomba. Alipofika alipewa chumba cha kuogea kilicho kitupu na kuambiwa aunganishe mabomba yote. Hakuweza. Alishushwa akawa mbeba mawe, mshahara ukapungua nusu, na deni la wakala likabaki pale pale. Alirudi baada ya miaka 2 akiwa hana hata nauli ya kutoka Likoni.

Mtihani wenyewe

Msomaji, kisa hiki kingeweza kuishia hapo kwa machozi, kama si mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi, aliyemwambia fundi wetu kwamba cheti cha kweli kipo na kinapatikana bila kuuza hata mnazi mmoja.

Kenya ina mtihani wa ufundi wa serikali, ambao mafundi wenyewe huuita "tredi testi". Husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ina kituo chake Mombasa. Una madaraja matatu: fundi huanza daraja la 3, hupanda la 2, kisha la 1. Aliyejifunza kazi chini ya mwembe huruhusiwa kupimwa sawa na aliyesoma chuoni. Hupewa mchoro, vifaa na muda maalumu. Kulikuwa pia na maswali ya nadharia na ya usalama.

Kwa miaka mingi maswali hayo ndiyo yaliyowatisha mafundi wengi kuliko moto wa mashine. Fundi wetu naye hakuwa tofauti. "Mkono wangu haukuwa na hofu," alikiri. "Kalamu ndiyo iliyonitoa jasho." Binti yake wa darasa la saba ndiye aliyemsomesha jioni, akimwulizia maana ya alama za kwenye michoro.

Kuna na njia nyingine. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuoni. Mtu huonyesha alichokifanya, akapimwa kwa viwango vilivyowekwa, na akifaulu hupewa cheti.

Hata hivyo, si haki kumdanganya msomaji kwamba cheti cha hapa hufungua kila mlango. Saudia ilianzisha mpango wake wa kupima ujuzi mwaka 2021, na mafundi wa Pakistan na India walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupimwa kwao kabla ya kupewa viza, kwa maandishi na kwa vitendo. Ujerumani nayo ilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi na Kenya mjini Berlin, tarehe 13 Septemba 2024. Lakini Mjerumani huuliza pia fundi alisomea wapi na kwa muda gani, na njia zake nyingi hudai mafunzo yasiyopungua miaka 2. Vijana mlio shuleni, hilo mlitie akilini kabla ya kuidharau nafasi ya chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi.

Kwa wachomeleaji kuna mlima zaidi. Kampuni za mafuta na gesi hutaka mtihani uitwao 6G: bomba hufungwa likiwa limeinama nyuzi 45, na fundi hulizunguka akichomelea, wakati mwingine chali, bila kuligeuza. Cheti chenyewe hakidumu kama cha ndoa. Chini ya viwango vya kimataifa vya ISO, msimamizi hutakiwa kuthibitisha kila miezi 6 kwamba mwenye cheti bado anaifanya kazi hiyo.

Ndipo nilipoelewa kuwa kipimo, pamoja na usumbufu wake wote, ni ngao ya fundi. Aliyepimwa anajua anachokiweza na asichokiweza kabla ya kupanda ndege. Aliyenunua karatasi hupimwa vile vile, ila hupimwa ugenini, akiwa na deni na hana wa kumtetea.

Kwa anayeitwa na wakala, la kwanza ni kuhakikisha kuwa wakala huyo ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. La pili, asimkabidhi mtu wa simu vyeti vyake halisi. La tatu, anayeahidi cheti bila mtihani ajibiwe kwa kukata simu.

Chini ya mwembe

Fundi wetu aliufanya mtihani wa daraja la 3 mjini Mombasa. Nilipomtembelea alikuwa bado anasubiri matokeo. Nilimwuliza kama akifaulu ataondoka. Alitazama upande wa shamba la babake, ambako minazi ilikuwa ingali imesimama.

"Nikipata kazi ya halali nitakwenda, nitarudi. Nikikosa, karatasi si ya Waarabu peke yao. Hata hapa zabuni zataka cheti."

Jua lilipoanza kushuka nilimwona akikiegemeza kipande cha bomba kuukuu kwenye shina la mwembe na kukifunga kwa waya, kimeinama. Akalala chali juu ya gunia, akavaa kinyago chake. Mteja mmoja alikuja na jiko lililotoboka akaambiwa angoje kidogo. Aliketi kwenye mkokoteni, akageuza uso asiutazame mwanga, nasi sote wawili tukangoja.